JOHANNES REBMANN WA RABAI: IMANI KATIKATI YA HOFU NA MISIBA

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili hulikuta jina la Johannes Rebmann mapema katika masomo yao, ila mara nyingi hulikuta pembeni mwa jina la mwenziwe aliyevuma zaidi, Johann Ludwig Krapf. Krapf hutajwa kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Rebmann naye hukumbukwa kwa jambo moja, yaani kuwa Mzungu wa kwanza kutoa taarifa kwamba kilele cha Mlima Kilimanjaro kina theluji. Safari hiyo ilichukua majuma machache tu. Miaka 29 aliyoishi Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa yake katika vilima vya Rabai ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Kilifi, haisimuliwi sana. Katika miaka hiyo alifiwa na mtoto, akafiwa na mke, akaachwa na wenzake mmoja baada ya mwingine, na hatimaye akapoteza nuru ya macho. Makala haya yanayaangalia maisha hayo ili kuona ni nini kilichomwezesha kubaki pale ambapo wengi waliondoka, na kubaki huko kulizaa nini.

Kuzaliwa na Malezi

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Eneo hilo la Württemberg lilikuwa limeenewa na uamsho wa kidini wa Wapietisti. Hao walikuwa Wakristo waliotilia mkazo usomaji wa Biblia nyumbani, sala ya faragha, na moyo wa kuyapokea mateso kama sehemu ya safari ya muumini. Malezi haya yanafaa kuzingatiwa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa akiba yake alipofika mahali pasipokuwa na kanisa wala jamaa.

Akiwa kijana alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Baadaye alipelekwa Islington, London, kujiandaa kwa kazi chini ya Chama cha Wamisionari cha Kanisa la Uingereza (CMS). Mwaka 1846 alitumwa Afrika ya Mashariki kumsaidia Krapf. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kutoka Mombasa hadi Rabai

Rebmann aliwasili Mombasa tarehe 10 Juni 1846. Krapf alikuwa ametangulia kwa miaka miwili, na tayari alikuwa amelipa gharama kubwa. Mnamo Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, mkewe Rosine alifariki kwa homa pamoja na binti yao aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla. Kaburi lao lilikuwa ng'ambo ya kisiwa. Kwa mgeni aliyetoka Ulaya, kaburi hilo lilikuwa onyo lisilohitaji maelezo. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Homa ilikuja bila ya kubisha hodi, na kila mgeni aliishi akijua kwamba zamu yake ingeweza kufika wakati wowote.

Tarehe 25 Agosti 1846 wamisionari hao wawili walihamia katika nchi ya Warabai, mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na hata hivyo hawakuahirisha safari. Ifahamike pia kwamba hawakuingia Rabai kwa nguvu. Ni wazee wa Kirabai, wenye mamlaka ya kaya na ardhi, waliowaridhia wageni hao wakae miongoni mwao. Uvumilivu wa Rebmann husifiwa mara nyingi. Uvumilivu wa wenyeji waliomstahi mtu aliyekuja kuipinga dini ya wazee wao haujasifiwa ipasavyo.

Safari za Uchagani

Mwezi Oktoba 1847 Rebmann alisafiri hadi Kasigau katika nchi ya Wataita. Tarehe 27 Aprili 1848 alianza safari ndefu zaidi ya kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia za bara, pamoja na wapagazi wachache. Hakubeba bunduki. Mwavuli wake ulitosha kumkinga na jua na mvua, na usalama mwingine aliuacha mikononi mwa Mungu wake na katika busara ya Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima uliokuwa na weupe kileleni, akatambua kwamba weupe ule ulikuwa theluji.

Taarifa yake ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, ikapokewa kwa dhihaka na baadhi ya wataalamu. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Dhihaka hiyo ilidumu kwa zaidi ya mwongo mmoja, hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipoufikia mlima huo mwaka 1861 akiwa na mwanajiolojia Richard Thornton, kisha mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten, na kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Lililomuumiza zaidi Rebmann lilitokea kwenye mlima huohuo. Mwaka 1849 alisafiri tena hadi Machame akiwa na nia ya kupita kwenda Unyamwezi. Mangi Mamkinga, aliyekuwa amempokea vizuri hapo awali, alimwandama kwa madai hadi bidhaa alizozikusudia kwa safari ya mbele zikamwishia. Mvua zilikuwa nyingi, naye alikuwa mgonjwa na dhaifu. Mtu aliyekuwa ameuvuka uwanda wa Taita bila ya silaha alitokwa na machozi mbele ya watu. Alirudi Rabai mikono mitupu. Kisa hiki kinaonesha kwamba imani yake haikumfanya asihisi hofu wala fedheha.

Misiba Inafuatana

Kuanzia hapo kifo na maradhi vilikuwa wageni wa mara kwa mara Kisuludini. Mwezi Juni 1849 walifika wamisionari wapya wawili, Jakob Erhardt na Johannes Wagner. Wagner alifariki tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1851 alifika Christian Pfefferle, naye akafariki baada ya majuma machache. Mafundi waliokuja naye waliugua, wakarejea Ulaya.

Katika kipindi hicho Rebmann na Krapf walitofautiana kuhusu njia ya kufuata. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari moja hadi nyingine. Rebmann aliona kwamba ni bora kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha barabara, kufundisha watoto wachache na kungoja. Mwaka 1851 alikwenda Misri, akamwoa mjini Kairo Emma Tyler, mjane wa Kiingereza aliyekuwa mwalimu, wakarudi Rabai pamoja. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilidhoofika akarejea Ujerumani. Erhardt aliondoka mwaka 1855. Walibaki Rebmann na Emma.

Mtoto wao wa kiume, Samuel, alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1857 Wamaasai waliishambulia nchi ya Wamijikenda, watu wengi wakauawa na kukimbia makwao, na misheni ikaporwa. Rebmann na mkewe walihamia Unguja kwa takriban miaka miwili. Mwanzoni mwa mwaka huo Richard Burton na John Speke walimtembelea kabla ya safari yao ya kutafuta maziwa makuu, safari iliyochochewa kwa sehemu na ramani aliyoichora Erhardt kutokana na habari walizozikusanya yeye na Rebmann kwa wasafiri na watumwa kutoka bara. Rebmann alitakiwa aandamane nao, akakataa. Sifa ambayo angeipata katika safari hiyo iliwaendea wengine, naye akarudi Kisuludini hali ilipotulia.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1866, Emma alipofariki Rabai baada ya miaka 14 ya maisha ya pwani. Rebmann alikuwa na umri wa miaka 46. Alikuwa na kila sababu ya kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Katika miaka iliyofuata macho yake yalianza kufifia, hadi akawa hawezi kusoma Biblia aliyoizoea tangu utotoni.

Faraja ya Neno na Maneno

Swali la nguvu alizipata wapi linajibiwa na ratiba ya maisha yake kuliko kauli yoyote ya kujitangaza. Alisali, akafundisha watu wachache waliokuja, na akafanya kazi ya lugha. Kwa Rebmann mambo haya hayakutengana. Aliamini kwamba Injili haiwezi kumgusa mtu katika lugha iliyovunjikavunjika, na kwa hiyo kulitafiti neno moja la Kiswahili au la Kirabai kwa siku kadhaa ilikuwa kwake sehemu ya ibada. Kazi hiyo ilimpa sababu ya kuamka asubuhi baada ya kila msiba.

Matunda yake si haba. Kuanzia mwaka 1853 alikusanya msamiati wa lugha ya watu wa Ziwa Nyasa kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyetekwa huko na kuletwa pwani. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877. Msingi wa kamusi ya lugha ya Kimijikenda iliyotolewa mwaka 1887 kwa jina lake na la Krapf uliwekwa Rabai. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1876. Aidha, maneno na fasili kadhaa katika kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya mwaka 1882 zimetokana na maandishi yake. Kasoro yake ilikuwa kutoridhika. Alisahihisha na kusahihisha tena, wala hakutaka kuchapisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jasho lake ilitoka kwa mikono ya wengine, na jina lake likabaki pembeni.

Idadi ya waumini pia ilikuwa ndogo. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufariki. Aliyefuata kwa umuhimu ni rafiki yake Mringe, Abe Gunja, pamoja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Baadhi ya wageni waliofika Rabai walimwona Rebmann kama mzee aliyejifungia na kamusi zake huku misheni ikidorora. Lawama hizo zilikuwa na ukweli ndani yake. Alikuwa mgumu kushauriwa, na kama Wazungu wengi wa wakati wake hakuiona thamani ya imani na desturi za Wamijikenda. Uaminifu wake na ukaidi wake vilitoka katika shina moja.

Safari ya Mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1874 William Salter Price alifika kuanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru, ambayo yalikuja kuitwa Freretown. Alimkuta Rebmann akiwa kipofu. Mwaka 1875 Rebmann aliiaga Rabai, baada ya miaka 29 bila ya kurudi kwao hata mara moja. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo. Mwalimu aliyekuja kuwaonesha wengine njia sasa aliongozwa na mwanafunzi wake.

Alipokewa Korntal, kijiji cha Wapietisti karibu na alikozaliwa, ambako Krapf naye alikuwa akiishi. Huko alioa tena, lakini maisha ya ndoa hiyo yalikuwa mafupi. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 akiwa na umri wa miaka 56. Krapf alimfuata mwaka 1881.

Hitimisho

Wale wachache wa Rabai hawakutawanyika. Nyondo alirudi kwao. Baadhi ya Wagiriama waliopata mafunzo Kisuludini walikuwa miongoni mwa walioanzisha kijiji cha Wakristo huko Godoma, bila ya kusimamiwa na Mzungu. Kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa Rabai mwaka 1887, na nyumba ya Rebmann imehifadhiwa karibu nalo kama sehemu ya kumbukumbu za historia.

Maisha ya Rebmann hayaahidi kwamba mwenye imani ataepushwa na kilio. Homa ilimpata, watu wake walikufa, na macho yake hayakurudi. Imani ilimpa uwezo wa kuendelea na kazi ndogo iliyokuwa mbele yake, na mikononi mwake kazi hiyo ilikuwa kulisikiliza neno, kuliuliza maana kwa wenyewe, na kuliandika. Msomi wa Kiswahili anayefungua kamusi ya 1882 anayakuta humo maneno yaliyokusanywa na mtu aliyekuwa akiomboleza, kwa msaada wa Warabai, Waswahili na watumwa ambao wengi wao hawakuandikwa majina. Wote wanastahili kukumbukwa pamoja naye.