Alan Paton: Mwalimu aliyeondoa uzio wa shule ya maadilisho

Jina la Alan Paton linafahamika duniani kwa riwaya yake Cry, the Beloved Country, iliyochapishwa mwaka 1948. Wasiokumbukwa sana ni wavulana waliomfundisha mengi kati ya yale aliyoyaandika humo. Kabla ya kupata umaarufu, Paton aliongoza kwa takribani miaka 13 Shule ya Maadilisho ya Diepkloof, nje kidogo ya jiji la Johannesburg, Afrika Kusini. Ilipokea wavulana Waafrika waliotiwa hatiani na mahakama, wakiwemo watoto walioiba chakula na vijana waliotenda makosa ya ukatili.

Alan Stewart Paton alizaliwa tarehe 11 Januari, 1903 katika mji wa Pietermaritzburg, Natal. Baba yake, mhamiaji kutoka Scotland, alikuwa mtu wa dini na mkali mno, ambaye fimbo haikuwa mbali na mkono wake. Malezi hayo yalimwachia mwanawe chuki ya kudumu dhidi ya utawala wa mabavu. Alipohitimu masomo alifundisha Ixopo, kisha akarudi kufundisha katika mji aliozaliwa. Mwaka 1934 aliugua homa ya matumbo, na katika siku za kupata nafuu alianza kujiuliza namna ya kuyatumia maisha yake yaliyosalia.

Wakati huo usimamizi wa shule za maadilisho ulihamishwa kutoka Idara ya Magereza kwenda Idara ya Elimu, chini ya Waziri Jan Hofmeyr, aliyekuwa rafiki wa Paton. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 32, Paton alikabidhiwa Diepkloof, iliyokuwa na wavulana wapatao 400.

Alichokikuta kilikuwa shule kwa jina na gereza kwa sura. Uzio wa seng'enge uliizunguka, na jioni wavulana walifungiwa katika vyumba vilivyojaa hadi asubuhi, wakijisaidia katika ndoo. Homa ya matumbo, maradhi yaliyomlaza yeye mwenyewe muda mfupi kabla, ilikuwa miongoni mwa hatari zilizowakabili. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha, kulisha na kutibu, kwani mtoto asiyetendewa utu ni vigumu kufundishwa utu.

Baada ya hapo alianza kulegeza kufuli, hatua kwa hatua. Mvulana mgeni alilala katika bweni lililofungwa. Akionesha uaminifu, alihamishiwa katika bweni lililo wazi. Akiendelea vyema, aliruhusiwa kutembea na kufanya kazi nje ya eneo la shule, na hatimaye kwenda nyumbani kuwaona wazazi kisha kurejea mwenyewe. Uzio uliondolewa, na maua yakapandwa. Hoja ya Paton ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kutekelezwa: uhuru haujifunzwi ndani ya kufuli, na mtoto ambaye hajawahi kuaminiwa hana cha kulinda.

Wengi walitabiri vurugu na utoro, lakini utoro ulipungua. Miongoni mwa waliopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, walioshindwa kurudi hawakufikia asilimia 5.

Hata hivyo, Paton hakujidanganya kwamba uaminifu huponya kila jeraha. Mwaka 1946 alisafiri Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuchunguza magereza na taasisi za vijana. Akiwa Trondheim, Norway, alianza kuandika riwaya iliyompa jina. Ndani yake kijana Absalom Kumalo anatoka katika shule ya maadilisho akiwa na mwenendo mzuri, kisha anaua mtu katika uvamizi wa nyumba na kunyongwa. Mtu aliyeyatoa maisha yake kwa imani kwamba vijana hubadilika aliweka kushindwa kwa imani hiyo katikati ya kitabu chake.

Hakufanya hivyo kwa kukata tamaa. Katika makala zake za miaka hiyo alieleza kuwa chanzo cha uhalifu kilikuwa kuvunjika kwa familia na jamii za Waafrika, na kwamba adhabu kali zaidi isingerudisha kilichovunjwa. Shule ingeweza kumrekebisha mtoto, ila mtoto huyo alirudi katika mitaa ileile ya umaskini, chini ya sheria zilezile za ubaguzi.

Mwaka 1948 chama cha National kiliingia madarakani na kuasisi siasa ya ubaguzi wa rangi. Paton aliacha kazi mwaka huo. Hendrik Verwoerd, ambaye akiwa mhariri wa gazeti la Die Transvaler aliibeza Diepkloof kuwa mahali pa kudekeza wavulana, baadaye alikuwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya Waafrika. Mwaka 1958 shule hiyo ilifungwa, na wavulana wakapelekwa kufanya kazi mashambani.

Paton hakunyamaza. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Liberal mwaka 1953, akanyang'anywa pasipoti mwaka 1960, na mwaka 1964 alisimama mahakamani kuomba Nelson Mandela na wenzake wapunguziwe adhabu. Alifariki dunia tarehe 12 Aprili, 1988, miaka sita kabla ya nchi yake kufanya uchaguzi wa kwanza usio wa kibaguzi.

Shule aliyoijenga haikudumu, kwani iliwezekana kuifunga kwa amri moja. Kilichobaki ni kumbukumbu ya wavulana walioruhusiwa kuondoka bila mlinzi, wakaenda makwao, na wengi wao wakarudi kwa hiari yao.