Leonardo Torres Quevedo

Leonardo Torres Quevedo (Santa Cruz de Iguña, 28 Desemba 1852 – Madrid, 18 Desemba 1936) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Hispania. Anajulikana hasa kwa Telekino, mtambo wa kuongoza vyombo kutoka mbali kwa mawimbi ya redio.

Maisha

Alisoma Bilbao na Paris, kisha akajifunza uhandisi mjini Madrid, alikohitimu mwaka 1876. Baada ya kufanya kazi ya reli kwa muda mfupi aliiacha, akasafiri Ulaya na kuishi kwa urithi wa jamaa zake. Hivyo aliweza kufanya utafiti bila kumtegemea mwajiri. Mwaka 1885 alimwoa Luz Polanco.

Telekino

Torres alikuwa akisanifu maputo makubwa yenye injini, na kuyajaribu angani kulihatarisha maisha ya marubani. Alitaka chombo kijaribiwe bila mtu ndani. Nikola Tesla alikuwa ameshaonyesha mashua ya kuongozwa kwa redio huko New York mwaka 1898, kwa hiyo si sahihi kumwita Torres wa kwanza, ingawa mara nyingi huitwa hivyo.

Redio ya wakati ule haikuweza kubeba sauti kwa urahisi. Ilituma mapigo tu, kama telegrafu. Torres alitumia mapigo hayohayo kama hesabu. Kila pigo lililopokewa lilisogeza swichi ya kuzunguka hatua moja. Mapigo yakikoma, swichi ilibaki mahali ilipofika, na mahali hapo palikuwa na amri yake: kugeuza usukani, kwa mfano, au kubadili mwendo wa propela. Mota za servo ndizo zilizotekeleza amri. Pigo moja likipotea njiani, amri iliyotekelezwa ilikuwa nyingine kabisa.

Servo za vyombo vya kuchezea vya siku hizi hazihesabu mapigo bali hufuata urefu wake. Kwa kawaida pigo la milisekunde 1 hupeleka mkono wa servo upande mmoja, 1.5 katikati, na 2 upande wa pili, nalo hurudiwa kila baada ya milisekunde 20 hivi. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, hupima urefu huo kwa kusoma saa yake pigo linapoanza na linapokwisha.

Telekino ilipata hataza Ufaransa, Hispania, Uingereza na Marekani. Tarehe 25 Septemba 1906, katika bandari ya Bilbao, mbele ya mfalme Alfonso XIII na umati mkubwa, Torres aliongoza kutoka ufukoni mashua iliyobeba watu, hadi umbali wa kilomita 2. Baadaye alitaka kuutumia mtambo huo kwa torpedo, lakini alikosa fedha akauacha.

Kazi nyingine

Maputo yake, yaliyoitwa Astra-Torres, yalitumiwa na Ufaransa na Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Alitengeneza pia mashine iliyocheza hatua za mwisho za sataranji dhidi ya binadamu (1912), na kigari kinachoning'inia kwenye nyaya huko Niagara, Kanada, kilichofunguliwa 1916 na ambacho bado hubeba watalii.

Alifariki Madrid wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, siku 10 kabla ya kutimiza miaka 84. Mwaka 2007 taasisi ya wahandisi IEEE iliitambua Telekino kuwa hatua muhimu katika historia ya uhandisi.