David Livingstone: daktari aliyejaribu dawa tumboni mwake

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, asubuhi isiyo na ukungu, unaliona bonde lote la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo. Mwaka 1866, miezi ya Aprili na Mei, alipita humo bondeni Mzungu mmoja wa miaka 53 akiufuata mto kwenda Ngomano. Alikuwa na ngamia, punda na nyati wa kufugwa walioletwa kutoka India. Alishukia Mikindani tarehe 24 Machi. Vichaka vya Umakonde vilikuwa vimesongamana kiasi kwamba ilibidi aajiri Wamakonde wenye mashoka wafyeke njia, la sivyo ngamia wasingepita na mizigo. Katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa.

Jina la David Livingstone wengi wetu tulilisikia shuleni, kwenye somo la biashara ya utumwa. Kwamba alikuwa daktari wa binadamu hatukuambiwa sana, na kwamba maradhi ya tumbo ndiyo yaliyommaliza hatukuambiwa kabisa. Nimeona nimwandike kwa upande huo, kwa sababu kila tukirusha kipindi cha afya maswali mengi huwa ni hayohayo: mzizi huu na jani lile, vinatibu tumbo kweli?

Alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Udaktari aliusomea Glasgow, akafuzu mwaka 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini kama mmisionari.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu, wala kwamba kuhara damu huletwa na vijidudu. Madaktari wa Ulaya waliamini kuwa homa hukaa ndani ya mwili kama uchafu, hivyo mgonjwa aendeshwe tumbo mpaka atoke safi. Livingstone naye aliamini hivyo. Akatengeneza vidonge vyake mwenyewe vyenye vitu vinne: mzizi wa jalapa kutoka Mexico, mzizi wa rubabi ambao asili yake ni China, kwinini itokanayo na magome ya mti wa sinkona wa Amerika Kusini, na chumvi ya zebaki. Kumbe basi vitatu kati ya vinne vilikuwa mitishamba! Tunapozungumzia dawa ya mzungu na dawa ya miti shamba kana kwamba ni maji na mafuta, tukumbuke hilo.

Alivimeza mwenyewe, akawapa wenzake. Kwinini ilitolewa mpaka masikio ya mgonjwa yaanze kuvuma, hapo ndipo daktari alijua imetosha.

Hakuwadharau waganga wa Kiafrika moja kwa moja. Mwaka 1853, akiwa Linyanti kwa mfalme Sekeletu wa Wakololo, homa ilimshika. Akamwomba mmoja wa waganga wa mfalme amtibu, ili aone kama wana dawa asiyoijua. Mganga alichemsha mizizi chunguni, akamfunika blanketi pamoja na chungu ajifukize. Ilipokosa nguvu, akamchomea vijiti vya miti mbalimbali kwenye kigae, akamfukiza moshi wake. Livingstone alitoka jasho, akavumilia moshi, kisha akaamua kuwa dawa yake yeye huponya homa haraka zaidi.

Hapo mimi namwona amekosea hesabu, ingawa jibu alilipata nusu. Alilinganisha mganga mmoja, mgonjwa mmoja, mara moja. Vidonge vyake mwenyewe hakuvipima kwa kuvitenganisha ajue ni kipi kati ya vile vinne kinachofanya kazi. Leo tunajua: kwinini ndiyo iliyopambana na malaria. Vile vingine vitatu viliendesha tumbo tu, na zebaki ni sumu. Utumbo wa mtu mzima una bakteria wengi mno, na wengi wao ni wa manufaa. Husaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate nafasi. Ukiharisha kwa nguvu kila mara, unawasomba na hao walinzi, na maji na chumvi za mwili vinaondoka pia.

Mwaka 1862 mkewe Mary alishikwa na homa huko Shupanga, kwenye mto Zambezi. Alitibiwa kwa kila alichonacho mumewe. Alifariki tarehe 27 Aprili.

Katika safari hiyohiyo ya Zambezi alikuwepo daktari mwingine, John Kirk, ambaye baadaye tulimjua Zanzibar kama balozi. Kirk aligundua kuwa mswaki wake uliochanganyika na sumu ya mishale, iitwayo kombe, ulimpunguzia mapigo ya moyo. Mmea huo ulipelekwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser alitoa kiini chake na kukipima kwa wanyama hatua kwa hatua, mpaka ikapatikana dawa ya moyo. Ndivyo kazi hii inavyofanywa mpaka leo, ikiwemo katika Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, ambayo ilianza kama kitengo mwaka 1974. Kwa mmea wa tumbo, majani ya mpera kwa mfano, huanza kwa kutoa kiini kwa maji au pombe, kukijaribu kwa vijidudu, kuchunguza kama kina sumu, ndipo ije zamu ya watu, wanaopewa na wasiopewa wakilinganishwa.

Turudi kwenye sanduku. Januari 1867, mbele ya Ziwa Nyasa, mpagazi aliyelibeba alitoroka nalo. Livingstone aliona kama amehukumiwa kifo. Alikuwa tayari na bawasiri, ambayo mwaka 1864 alikataa kufanyiwa upasuaji Uingereza. Sasa kuhara na kutoka damu vikawa vya kwenda na kurudi. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alimletea dawa na chakula, akapata nafuu, lakini hakukubali kurudi kwao. Agosti 1872 aliondoka Tabora. Kwenye mabwawa ya Bangweulu alivuja damu mpaka akawa hawezi kutembea, akabebwa kwenye machela. Alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wasaidizi wake walipompasua ili wamkaushe kwa chumvi na jua, walikuta tumboni bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja. Moyo wake waliuzika hapo chini ya mti, mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo.

Mmoja wa waliombeba, Myao aitwaye James Chuma, mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Steere uliowaleta watumwa waliokombolewa wakaanzisha misheni ya Masasi.

Mwaka 1875, miaka miwili tu baada ya kifo hicho, daktari mmoja wa Urusi, Lösch, aliona kwa hadubini amiba kwenye choo cha mgonjwa wa kuhara damu. Vidonge vya Livingstone navyo viliendelea kuuzwa na kampuni ya London, kwa jina lake.