Marquis de Morès: Mfaransa aliyetaka kusafirisha nyama badala ya ng'ombe

Marquis de Morès, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1858, anakumbukwa huko Dakota, Marekani, kwa biashara ya nyama iliyokuwa na hesabu nzuri lakini ikakwama sokoni.

Aliwahi kuwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1882 alimwoa Medora von Hoffman, binti wa mwenye benki wa New York, na mwaka uliofuata, akisaidiwa na fedha za ukweni, alifika mto Little Missouri, ambako reli ya Northern Pacific ilikuwa imeshapita. Hapo akaanzisha mji na kuupa jina la mkewe.

Wakati huo ng'ombe walipelekwa Chicago wazima kwa treni. Walikonda, wengine wakafa, na nauli ililipwa hata kwa pembe na matumbo. Hasara hiyo kila anayepakia ng'ombe kwenye lori anaijua. De Morès aliamua kuchinja huko huko malishoni na kusafirisha nyama kwa mabehewa ya barafu. Machinjio yalianza kazi Oktoba 1883, na maghala ya barafu yakajengwa kando ya reli.

Wenyeji hawakumpokea wote. Seng'enge alizozungushia ardhi yake ziliwaudhi wawindaji, na Juni 1883 kijana Riley Luffsey aliuawa katika majibizano ya risasi. De Morès alishitakiwa, akaachiwa huru mwaka 1885.

Kilichomwangusha ni soko. Wanunuzi wa mashariki walizoea nyama nono ya ng'ombe waliolishwa mahindi, wakaikataa ya majani matupu. Wenye machinjio wakubwa wa Chicago nao hawakumpa nafasi. Aidha, huduma yake ya magari ya farasi kwenda Deadwood, zaidi ya kilomita 300, ilikufa baada ya kukosa mkataba wa kubeba barua za serikali. Machinjio yalifungwa Novemba 1886, kabla hata baridi kali ya msimu ule haijamaliza mifugo ya eneo hilo.

Alirudi Ufaransa, akajiingiza katika siasa chafu za chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1892 akamuua Kapteni Armand Mayer, Myahudi, katika pambano la panga. Juni 1896 naye aliuawa na wasindikizaji wake huko El Ouatia, jangwani Sahara.

Machinjio ya Medora yaliungua mwaka 1907. Bomba lake la moshi bado limesimama.