Maisha ya Daktari Andreas Grüntzig

Katika gazeti letu tumekwisha kusoma habari za wafalme, wasafiri na viongozi wengi. Leo napenda kuwaelezeni maisha ya daktari mmoja ambaye jina lake lajulikana na madaktari wa moyo duniani kote. Hapa Bariadi halitajwi sana, ingawa kazi yake imekwisha kufika majumbani mwetu.

Andreas Grüntzig alizaliwa tarehe 25 Juni, 1939, katika mji wa Dresden, Ujerumani. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza, na katika vita hiyo alimpoteza baba yake. Alikulia upande wa mashariki wa nchi yake, kisha akavuka kwenda magharibi akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Alihitimu mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana.

Mwaka huo pia, huko Portland, Marekani, Daktari Charles Dotter alifanya jambo geni. Alikuwa na mgonjwa, bibi wa miaka 82, ambaye mshipa wa mguu wake ulikuwa umeziba hata nyama ikaanza kuoza. Bibi yule alikataa kukatwa mguu. Basi Dotter akapitisha vijibomba ndani ya mshipa, kwanza chembamba, kisha kinene, mpaka damu ikapita. Mguu ukapona. Wengi hawakuitilia maanani kazi hiyo, lakini baadhi ya madaktari wa Ulaya waliifuata, na Grüntzig alikuwa mmoja wao.

Tangu mwaka 1969 Grüntzig alikuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi. Aliona kuwa vijibomba vya Dotter havifai kwa mishipa ya moyo, ambayo upana wake ni kama milimita 3 tu. Akawaza kupitisha kijiputo kilichokunjwa, kisha kukijaza kifikapo mahali palipoziba. Lakini puto la mpira wa kawaida huvimba mbele na nyuma ya mahali pagumu, na pale pagumu penyewe hupaacha vile vile. Alihitaji puto lisilozidi kipimo chake hata likijazwa kwa nguvu. Hakuwa na kiwanda. Usiku, baada ya kazi, alikaa jikoni kwake pamoja na mkewe na wasaidizi wake, wakikata plastiki, wakiipasha moto na kuigundisha. Mwaka 1974 alilitumia puto hilo katika mguu wa mgonjwa, likafaa.

Tarehe 16 Septemba, 1977, alilipitisha katika mshipa wa moyo wa mtu mwenye umri wa miaka 38. Alilijaza mara mbili. Maumivu ya kifua yakaisha, wala mtu yule hakupasuliwa. Alipopimwa miaka kumi baadaye, mshipa ule ulikuwa ungali wazi.

Grüntzig angaliweza kujivuna. Badala yake aliwaalika madaktari wa nchi nyingine wamtazame akifanya kazi, naye hakuficha alipokosa. Mwaka 1979 alitoa habari za wagonjwa wake 50 wa kwanza, akaeleza wazi kuwa waliofunguka mishipa ni 32 tu. Tena ilionekana kuwa karibu mmoja kati ya kila watatu waliofunguliwa mishipa yao ilirudi kuwa myembamba katika muda wa miezi sita.

Sisi wa Simiyu twaweza kulifahamu jambo hili kwa urahisi. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima katika mchanga wa mto uliokauka. Maji huonekana, lakini mchanga wa kando huporomoka na kuyafunika tena. Mshipa nao ndivyo ulivyo. Ukuta uliosukumwa hutaka kurudi, na jeraha la ndani linapopona huota nyama kupita kiasi.

Mwaka 1980 Grüntzig alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani. Tarehe 27 Oktoba, 1985, ndege yake ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka, akafa pamoja na mkewe. Alikuwa na miaka 46, na dawa ya mishipa kuziba tena alikuwa hajaiona.

Miezi mitano baadaye, mjini Toulouse, Ufaransa, madaktari waliweka ndani ya mshipa wa moyo kibomba kidogo cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, kama pipa lisilo na kitako liwekwalo kisimani. Ukuta haukuporomoka tena, lakini nyama iliendelea kuota katika matundu ya wavu. Mwaka 1999, huko Brazil, ziliwekwa stenti zilizopakwa dawa ya kuzuia nyama hiyo. Dawa yenyewe ilitoka kwa vijidudu vya udongo wa Kisiwa cha Pasaka. Tangu hapo wanaozibwa tena wamepungua sana. Akizibwa mtu, hutiwa puto lenye dawa, au stenti nyingine, au hupasuliwa na damu ikatengenezewa njia ya kando.

Zamani Watanzania wengi wenye ugonjwa wa moyo walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambapo kazi hii hufanywa. Mjomba wangu, mkulima wa pamba, alisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kuwekewa stenti. Aliporudi hana maumivu, jirani walimwambia kuwa mtu aliyepona hanywi dawa, naye akaanza kuziacha. Nilipokwenda likizo nilimweleza habari za kisima, na kwamba vidonge vile huzuia damu isigande juu ya stenti. Anayeviacha bila ruhusa ya daktari aweza kufa ghafula. Sasa huvinywa kila asubuhi, na tumbaku ameiacha.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu twapenda sifa ya siku ya kwanza. Grüntzig aliipata sifa hiyo, lakini hakuacha kuwafuata wagonjwa wake baada ya miezi sita, akayasema aliyoyaona hata yasipompendeza. Kwa sababu hiyo waliokuja baada yake walijua mahali pa kuanzia. Kama yuko nyumbani kwenu mtu aliyefunguliwa mshipa, msimwache kwa kuwa amekwisha kurudi shambani. Mwulizeni kama amekunywa dawa zake leo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV