Dola mia, kumi ndizo zako: maisha ya Duke Ellington kwa vijana wetu wanamuziki



Mie mwezi wa tatu sasa nipo Upper Marlboro, jimbo la Maryland, kwa binti yangu. Ni mji mdogo, una mahakama ya kaunti ya Prince George's na mtaa wake mkubwa mmoja, na zamani watu wa huku walikuwa wakulima wa tumbaku. Jina lake umelipata kwa mtukufu mmoja wa Kiingereza, Duke wa Marlborough. Huyo leo simtaki. Nataka kuwahadithia habari za Duke mwengine, mtoto wa mtumishi wa nyumbani, ambaye nimekutana naye juu ya senti 25.

Ilikuwa hivi. Nilirudishiwa chenji dukani, nikaona sarafu moja ina picha ya mtu mweusi amekaa mbele ya piano kubwa. Nikamuuliza mjukuu wangu, huyu nani? Akanambia ni Duke Ellington, wa Washington hapo, sarafu ilitolewa mwaka 2009. Zaidi ya hapo hakuwa na habari naye.

Na nyumbani wiki ile kulikuwa na moto. Mjukuu wangu ana miaka 18, anapiga kinanda na kutunga nyimbo mwenyewe chumbani kwake. Kampuni moja imemletea mkataba wa kurasa 14, wanataka sahihi kabla ya Ijumaa. Naye kisha amua: anatia sahihi na chuo haendi. Mama yake analia, baba yake hataki hata kulisikia neno muziki. Mie sikutaka kuingia kwenye mabishano ya muziki kufaa au kutofaa, hayo yana wenyewe, na mie si mufti. Lakini nimesomesha zaidi ya miaka thelathini. Tena nilisoma sekondari ya misheni kule Tanga, tulikuwa watoto wa Kiarabu watatu tu darasani, na padri wetu wa hesabu alitutia adabu moja ambayo haijanitoka: karatasi usiyoisoma usiitie sahihi. Basi siku mbili tatu nikasoma maisha ya huyu bwana, kisha nikamwita kijana nikamkalisha.

Edward Kennedy Ellington alizaliwa Washington tarehe 29 Aprili 1899. Baba yake, James Edward, alikuwa mtumishi katika nyumba ya daktari wa kizungu, na mara nyengine akiitwa kuhudumia karamu za Ikulu. Mama yake aliitwa Daisy. Wote wawili walijua kupiga piano, na mtoto walimlea kwa usafi na heshima, mpaka wenziwe wakampachika jina la Duke, kama sisi tungesema Mwinyi, kwa namna alivyovaa na kujiweka.

Walimtafutia mwalimu wa piano angali mdogo, lakini yeye alipenda zaidi mpira wa besiboli, akiuza na njugu kiwanjani. Mapenzi ya piano yalimwingia baadaye, akiwa kijana, kwa kukaa na kuwasikiliza wapigaji wakubwa wa mjini. Wimbo wake wa kwanza aliutunga alipokuwa na miaka kama 15, wakati anauza vinywaji mkahawani, na hata kusoma noti alikuwa bado. Kisha akawafuata waliomzidi. Oliver Perry akamfundisha kusoma noti, na Henry Grant, mwalimu wa shule, akamfundisha namna sauti zinavyopangana.

Hapo nikasimama kidogo. Nikamwambia mjukuu wangu, kipaji unacho, mashaallah, lakini na huyu alikuwa nacho, na bado alikwenda kugonga milango ya walimu.

Duke alikuwa fundi wa kuchora pia. Alipata nafasi ya kusomeshwa uchoraji katika chuo cha Pratt, Brooklyn, akaikataa, na mwaka 1917 akaacha shule miezi michache kabla ya kumaliza. Mie mwalimu hapo roho inaniuma, na kijana wangu alicheka, akaona ameshinda. Nikamwambia ngoja, usicheke. Huyu aliacha shule akiwa na kazi mkononi. Alifungua biashara ya kuchora mabango. Mtu akija kutaka bango la dansi, Duke anamuuliza, muziki mshapata wa kuwapigia? Na mtu akija kukodi bendi, anamuuliza, mabango nani anawachorea? Kwa njia hiyo kila kazi ilimletea ya pili, na ule mwezi ambao muziki haukulipa, rangi ililipa. Malipo yake ya mwanzo ya ukumbini, pale True Reformer Hall mtaa wa U, yalikuwa senti 75. Jumba hilo mpaka leo limesimama, kutoka hapa Upper Marlboro unafika kwa gari.

Sasa sikilizeni kisa cha dola mia. Siku hizo Washington palikuwa na wakubwa waliokuwa wakipokea kazi za muziki na kuzigawa kwa wapigaji. Mmoja wao, Louis Thomas, alimtuma Duke kwenda kupiga kwenye klabu ya matajiri. Akamwambia, ukimaliza watakupa dola 100. Kumi zako, tisini niletee. Duke akenda, akapiga peke yake usiku mzima, akapokea mia, akapeleka tisini. Hakugombana na mtu wala hakutukana. Kesho yake akenda kwenye ofisi ya simu akalipia tangazo ndani ya kitabu cha simu, kwamba yeye anapiga muziki wa shughuli zote. Ilikuwa wakati wa Vita vya Kwanza, mji umejaa wageni waliokuja kufanya kazi za vita. Wageni hawa hawakuwajua wakubwa wa zamani, walifungua kitabu tu wakapiga simu. Kidogo kidogo akawa na bendi zaidi ya moja mjini, akanunua nyumba na gari. Mwaka 1918 alimuoa Edna Thompson, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao Mercer.

Mjukuu wangu akanambia, Babu, siku hizi kitabu cha simu hakuna. Nikamwambia najua, una simu yenyewe mkononi. Lakini wale tisini kwa kumi wapo.

Mwaka 1923 Duke na wenzake walijaribu New York. Mara ya kwanza njaa iliwarudisha nyumbani. Wakenda tena. Bendi ikagombana kwa mambo ya pesa, kiongozi akaondoka, Duke akashika uongozi. Mwaka 1926 akakutana na Irving Mills, mchapishaji wa nyimbo, akawa wakala wake. Walifunga kampuni: Duke asilimia 45, Mills 45, na wakili 10. Na Mills alifanya kazi, haki ya mtu tuiseme. Alimtafutia santuri kwa makampuni tofauti, akamtia Cotton Club mwezi wa Disemba 1927, na kutoka pale redio ikampeleka Marekani nzima. Cotton Club yenyewe wapigaji walikuwa weusi na wateja weupe. Mama yake mpigaji asingeweza kuingia akakaa mezani.

Lakini Mills alikuwa na jambo jengine. Jina lake liliandikwa kuwa mtunzi mwenza kwenye nyimbo za Duke, moja baada ya nyengine, na Mood Indigo ya mwaka 1930 imo. Jina kwenye wimbo si pambo. Jina ndilo linalolipwa, kila wimbo unapopigwa redioni, unaporekodiwa na mtu mwengine, unapochapishwa. Hiyo ndiyo mirabaha, na haisiti mtu akifa, hurithiwa. Duke aliachana na Mills mwaka 1939, lakini majina yale yalibaki palepale yalipoandikwa.

Na nisimfanye Duke malaika. Sehemu ya sauti ya Mood Indigo ilitoka kwa Barney Bigard, mpigaji wake wa klarineti, na jina la Bigard mwanzo halikuwekwa, ilibidi apiganie. Wapigaji wengine pia walilalamika kwamba vipande vyao vilitiwa nyimboni bila wao kutajwa. Aliyepunjwa tisini naye akija kuwa mkubwa anaweza kupunja. Hili nililirudia mara mbili kwa kijana wangu, maana ana rafiki yake anayemsaidia kutunga, na mpaka siku ile hawajaandikiana hata mstari mmoja.

Alipotoka kwa Mills, Duke akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha nyimbo, ikaitwa Tempo Music, na dada yake Ruth akaisimamia. Ilimfaa mapema. Mwaka 1941 vituo vya redio viligombana na chama cha watunzi juu ya malipo, vikaacha kupiga nyimbo za wanachama wote, na Duke alikuwa mwanachama. Nyimbo zake mwenyewe zikafungiwa. Lakini Mercer mwanawe na kijana Billy Strayhorn, aliyejiunga naye karibuni, hawakuwa wanachama, basi wao wakatunga upya na bendi ikaendelea kusikika. Take the A Train, wimbo wa Strayhorn, ukawa ndio utambulisho wa bendi tangu hapo.

Miaka ya 1950 bendi kubwa nyingi zilikufa, gharama zilizishinda. Ya Duke haikufa. Mirabaha ya nyimbo za zamani ndiyo iliyokuwa ikiwalipa wapigaji mishahara wakati ukumbi haukulipa, mpaka tamasha la Newport la Julai 1956 lilipomrudisha juu. Unaona? Nyimbo alizotunga kijana zilimlisha mzee, yeye na watu wake.

Mwaka 1963 serikali ya Marekani ilimtuma nchi za Mashariki. Alipiga Damascus, Beirut, Baghdad na Tehran. Safari ilikatika akiwa Uturuki baada ya Rais Kennedy kuuawa. Huenda baadhi ya wazee wanaosoma hapa wanaikumbuka miaka ile. Mwaka 1973 alifika Addis Ababa, akapiga pamoja na Mulatu Astatke, na Mfalme Haile Selassie akamtunuku nishani.

Na siku alipotimiza miaka 70, tarehe 29 Aprili 1969, Rais Nixon alimwalika Ikulu akamvisha Nishani ya Uhuru. Nyumba ileile ambayo baba yake aliingia kuhudumia wageni. Barabara ya Pennsylvania inayopita mbele ya Ikulu inatoka mjini ikaja mpaka huku kwetu Upper Marlboro. Kila nikipita namkumbuka yule baba na sinia lake.

Duke alifariki New York tarehe 24 Mei 1974 kwa saratani ya mapafu, ana miaka 75. Mercer akaichukua bendi.

Basi nikamwambia mjukuu wangu, mie sikukatazi wala sikuamrishi, wazee wako wapo. Lakini kabla ya Ijumaa nijibu manne. Nyimbo zitakuwa za nani, zako au zao, na kwa miaka mingapi? Katika kila mia, ngapi zako, na wanakata gharama zao kabla au baada? Ukitaka kutoka, mlango uko ukurasa wa ngapi? Na muziki ukikaa mwaka bila kulipa, kazi gani ya mkono itakulisha?

La kwanza akaenda kulitafuta. Akalikuta ukurasa wa 11, maandishi madogo: nyimbo zote, alizokwisha kutunga na atakazotunga, za kampuni. Alinyamaza muda mrefu.

Ijumaa ilipita bila sahihi. Amewaandikia barua kuuliza, bado hawajamjibu. Wakili wa mikataba ya muziki tumempata, mazungumzo ya saa moja tumelipa nusu kwa nusu, mie na baba yake, yule aliyekuwa hataki kusikia neno muziki. Yeye na rafiki yake wameandikiana karatasi moja, nani katunga nini, tarehe na sahihi za wote wawili. Chuo amesema ataanza masomo ya uhasibu, jioni anapiga kinanda chake. Kama atashikilia, Mungu ndiye ajuaye.

Ile senti 25 nimempa yeye. Nimemwambia aiweke juu ya kinanda, asiitumie.

Na nyinyi wenye watoto Maskati na Dubai wanaoimba vyumbani mwao na mlango umefungwa: gongeni, muwaulize karatasi ziko wapi.

Wassalaam.