Ernest Jones, mwalimu wa gofu aliyepoteza mguu

Mtu akitaja Golf mjini Lubumbashi, wengi wetu tunafikiri kartie yenye jina hilo, si mchezo. Mchezo wenyewe tunauona kwa mbali tu: watu wachache kwenye majani yaliyokatwa vizuri, fimbo mikononi, na mpira mdogo mweupe unaotakiwa kuingia shimoni kwa mapigo machache iwezekanavyo. Hata hivyo, maisha ya mtu mmoja wa mchezo huo yanatuhusu sisi wanafunzi wa lugha, hasa wale watakaosimama kesho mbele ya ubao. Mtu huyo ni Ernest Jones.

Jones alizaliwa mwaka wa 1887 karibu na Manchester, Uingereza. Siku zile wachezaji wa gofu nchini humo walikuwa makundi mawili. Watu wenye nafasi na mali walicheza kwa kujifurahisha. Wengine waliishi kwa mchezo: walitengeneza fimbo, walifundisha wanachama wa klabu, na mara kwa mara walishindania fedha. Jones alikuwa wa kundi hili la pili. Alipofika umri wa miaka 18 alipata kazi ya msaidizi katika klabu ya Chislehurst, huko Kent, na baadaye akawa mchezaji mkuu wa klabu hiyo. Alikuwa kijana hodari, na mbele yake kulikuwa na njia ya mashindano makubwa.

Vita Kuu ya Kwanza vilikata njia hiyo. Mwaka wa 1915 Jones alijiandikisha katika jeshi, akapelekwa Ufaransa. Mwezi wa tatu wa mwaka wa 1916, karibu na mji wa Loos, mlipuko ulimtupia vipande vya chuma kichwani, mkononi na mguuni. Madaktari waliokoa uhai wake, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Kwa mchezaji wa gofu, hasara hiyo ilionekana kuwa mwisho wa kila kitu. Vitabu vya wakati ule vilieleza kwa urefu kazi ya miguu: namna ya kuikanyagisha, namna ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, goti lipinde wapi, nyonga igeuke lini. Kufuatana na mafundisho hayo, mtu wa mguu mmoja hakuwa na lolote la kutafuta uwanjani.

Miezi minne hivi baada ya kujeruhiwa, Jones alikwenda kwenye uwanja wa Royal Norwich, bado akitembea kwa magongo. Alisimama kwa mguu mmoja, akapiga. Alipomaliza mashimo yote 18 alikuwa ametumia mapigo 83. Muda si mrefu baadaye, kwenye uwanja wa Clacton, alitumia mapigo 72. Asiyeujua mchezo huu aelewe hivi: wachezaji wengi wenye miguu miwili, waliojifunza miaka mingi, hufa bila kufika hata 83. Mapigo 72 ni hesabu ambayo mchezaji wa kulipwa haioni haya.

Wengine wangeishia kumshukuru Mungu na kusifiwa ushujaa wao. Jones alijiuliza swali. Ikiwa mguu wa kulia ni nguzo ya pigo, kama vitabu vilivyosema, mpira umekwendaje mbali na sawasawa bila mguu huo? Jibu alilolipata ndilo alilolifundisha maisha yake yote. Mchezaji hapigi mpira kwa mguu, wala kwa nyonga, wala kwa bega. Anaupiga kwa kichwa cha fimbo, na kichwa hicho kinaongozwa na mikono na vidole. Mikono ikilibembeza vizuri lile fimbo, viungo vingine vya mwili vitafuata vyenyewe, kila kimoja kikitafuta nafasi yake. Vikipewa kazi ya kuongoza, vinaharibu. Mwili wa Jones ulikuwa umepoteza kiungo, nao ulijipanga upya bila kuamriwa, kwa sababu akili yake ilishika kazi moja tu.

Ili kulionyesha jambo hilo alitumia vitu vya mfukoni. Alifunga kisu kidogo kwenye pembe ya leso, akashika pembe nyingine, akakibembeza. Leso ilinyooka, kisu kikaenda na kurudi kwa utulivu. Kisha alijaribu kukisukuma kisu kwa nguvu. Mara leso ililegea na kisu kikapoteza njia. Mwanafunzi aliona kwa macho tofauti ya kubembeza na kusukuma, wala hakuhitaji kutajiwa jina la msuli hata mmoja.

Mwaka wa 1920 kilitolewa kitabu cha Daryn Hammond kilichoeleza njia hii ya Jones. Miaka michache baadaye Jones alihamia Marekani. Marion Hollins, bingwa wa wanawake wa Marekani mwaka wa 1921, alikuwa ameongoza kuundwa kwa klabu ya wanawake kule Long Island, jambo lisilo la kawaida wakati huo, naye alimleta Jones kuwa mwalimu wake. Baadaye Jones alifundishia ndani ya chumba, kwenye jengo la Fifth Avenue, katikati ya New York. Hapakuwa na majani wala upepo wala shimo. Mwanafunzi alipiga mpira ndani ya nne kuta, na mwalimu alimrudisha kwenye neno lile lile: bembeza kichwa cha fimbo.

Wengi waliopanda kwenye chumba hicho walikuwa watu wa ofisi na wa biashara. Lakini mabingwa nao walimjia. Virginia Van Wie, mwanafunzi wake, alishinda ubingwa wa wanawake wa Marekani mara tatu mfululizo, mwaka wa 1932, 1933 na 1934. Glenna Collett Vare, aliyeshinda ubingwa huo mara sita, naye alijifunza kwake. Jones mwenyewe hakupata kombe kubwa la aina hiyo. Makombe yake yalibebwa na mikono ya wengine.

Mwaka wa 1937 alitoa kitabu pamoja na Innis Brown, na mwaka wa 1952 kingine pamoja na David Eisenberg. Katika mafundisho yake alipenda mfano wa paka: ukimchanja paka vipande vipande utapata damu, mifupa na matumbo, lakini paka hutakuwa naye tena. Ndivyo alivyowaona walimu waliolikata pigo la gofu kwa kisu cha uchunguzi. Hakuwashinda. Alipofariki mwaka wa 1965, somo la vipande vipande lilikuwa bado lina nguvu, na kamera zimelizidishia nguvu hadi leo.

Ni haki pia kumpinga Jones kidogo. Alipopoteza mguu alikuwa tayari fundi. Mwili wake ulikuwa na kumbukumbu ya maelfu ya mapigo. Mtu anayeanza hana akiba hiyo. Labda kwa anayeanza, kuonyeshwa mahali pa kuweka miguu si dhambi. Lakini jibu la Jones lilikuwa wanafunzi wake wenyewe, wale watu wa ofisi ambao hawakuwa mafundi wa kitu, na ambao aliwafundisha kwa njia ile ile moja kwa miaka mingi.

Sisi tunajua paka wetu aliyechanjwa. Tumekutana na mwanafunzi anayeweza kutaja ngeli zote, viambishi vyote na nyakati zote za kitenzi, lakini akipewa nafasi ya kusalimia mgeni anasimama kimya, anatafuta kiambishi. Sarufi haina kosa hapo. Sisi wenyewe tunaishi kwayo. Kosa ni la mwalimu aliyeviweka viungo mbele viongoze, badala ya kumpa mwanafunzi neno la kumwambia mtu. Jones alilazimika kupoteza mguu ili alijue hilo. Sisi, tutakapopewa darasa la kwanza, tutakuwa na miguu yote miwili, na chaki mkononi, na hatutakuwa na udhuru.